Mtu Anayengojwa Barabarani

Katika mbio nyingi za barabarani hapa Dar es Salaam kuna saa ambayo waandaaji huanza kukunja mahema ilhali watu wangali njiani. Mshindi ameshapiga picha na mfano wa hundi, mgeni rasmi ameshaondoka, maji yamekwisha katika meza ya mwisho na trafiki wameshayafungulia magari. Hapo ndipo wanapoingia wao: mama wa makamo aliyeanza mazoezi baada ya kuambiwa presha yake iko juu, mzee mstaafu anayekimbia na kutembea kwa zamu, binti aliyechekwa mtaani kwao kwa unene wake na kila Jumamosi akaendelea kutoka. Wanavishwa medali ileile waliyovishwa wengine, na hilo ni jambo jema. Lakini hakuna aliyekuwa akiwangoja. Wenzao wa klabu wameshafika kwenye supu.

Nimeitafakari sana saa hiyo tangu klabu yetu ya joging iliposhiriki mbio za kupokezana kijiti pamoja na klabu jirani. Ilikuwa Julai, majira ya kusi, jua likiwa bado pole na bahari imechafuka. Kila timu ilikuwa na watu watano, wanawake wasiopungua wawili, na kila mmoja alipewa kilomita tano: unaondoka Coco Beach, unafuata Barabara ya Toure kuelekea Daraja la Tanzanite, unageuka, unarudi palepale ulipoanzia na kumkabidhi mwenzako. Kwenda, upepo unakupiga usoni. Kurudi, unakusukuma mgongoni. Zawadi ilikuwa kikombe na maneno ya kutambiana mwaka mzima. Siku ile niliona jambo ambalo sijaliona katika mbio za aina nyingine: mtu mwenye mwendo wa pole kuliko wote barabarani akawa ndiye anayengojwa kuliko wote.

Sisi Watanzania tumelelewa na kukimbia kwa pamoja. Mchakamchaka wa shuleni na wa JKT ulitutoa vitandani giza halijaondoka. Mmoja akaimbisha, wengine tukaitikia, na miguu ikaufuata wimbo. Klabu za joging za mitaani zimeurithi utaratibu huo na fulana zake za rangi moja, filimbi zake na spika yake juu ya bajaji. Ni furaha halali na nimeishi nayo. Katika mchakamchaka aliye dhaifu hubebwa na wimbo, mwenye nguvu huzuiwa na wimbo, na mwisho wa safari hakuna anayejua mwenzake angeweza nini. Kisha zikaja mbio za nusu marathoni za kila mwisho wa wiki, zenye namba kifuani na kipima muda kilichofungwa kwenye raba. Hapo mambo yaligeuka: elfu kadhaa wanaondoka pamoja, lakini kila mmoja ana muda wake, picha yake, rekodi yake kwenye simu.

Kupokezana kijiti hakufanani na lolote kati ya hayo mawili. Methali za umoja tunazo za kutosha na mbio hizi hutajwa mara nyingi kama mfano wa umoja, lakini aliyezikimbia anajua kwamba katika kilomita zako tano huo umoja huuoni. Hakuna wimbo. Hakuna wa kukushika mkono. Wenzako wanne wamesimama mahali usipopaona na hawawezi kukupunguzia hata hatua moja. Uko peke yako kabisa, kwa niaba ya mtu. Sijui hali nyingine ya mwili inayofanana na hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu wazima waliochoka na shughuli za wiki nzima hukubali kuamka saa kumi usiku kwa ajili ya kijiti.

Kocha wetu ni mwalimu mstaafu aliyewahi kuandaa vijana wa UMISSETA. Anasimulia kwamba vijiti vyao walivikata wenyewe kwenye mpera uliokuwa nyuma ya madarasa, wakavimenya na kuviacha juani hadi vikauke, maana kijiti kibichi huteleza mkononi. Yeye ndiye aliyekaa na karatasi kutupanga. Alikuwa na mwanafunzi wa chuo, fundi magari mmoja, dada mwalimu wa shule ya msingi, mimi, na mama mwenye genge la mboga ambaye klabu nzima inamwita Mama wa Genge. Baadhi yetu tulitarajia mama atakuwa mshangiliaji. Kocha akamwandika wa pili.

Hesabu aliyotufanyia siku hiyo naiweka hapa kwa sababu sijaona mtu akiibishia. Mwanafunzi wa chuo alikuwa akimaliza kilomita tano kwa dakika 18. Ili apunguze sekunde 20 angehitaji miezi ya mazoezi ya kasi, tena huku akihatarisha msuli. Mama alikuwa akimaliza kwa dakika 42. Alikuwa akianza kwa pupa, akikata pumzi kabla ya kilomita ya pili, akitembea, akianza tena. Alivaa raba zilizomzidi ukubwa. Kocha akasema anayetaka timu ishinde aache kwanza kumtazama mwanafunzi, aende jioni akakimbie na mama. Tukaenda kwa zamu. Tukamzuia mwanzoni, tukamtafutia raba zinazomkaa, tukamwonyesha namna ya kupumua akiupa upepo bega. Siku ya mbio alikuwa amefika dakika 38. Dakika nne ni sekunde 240, na katika timu yetu hakuna mwingine aliyekuwa na sekunde 240 za kutoa hata kama angejiua kwa mazoezi. Karatasi ya msimamizi ina safu moja ya kujumlisha. Haiulizi sekunde imetoka mguu gani.

Hiyo ndiyo haki ninayoipenda katika mbio hizi. Katika mbio za mtu mmojammoja, mama akishusha dakika nne anatoka nafasi ya mia tisa kwenda nafasi ya mia nane, na sisi tunampongeza kwa adabu. Hapa dakika zake ziliingia katika hesabu kwa bei ileile ya dakika za mwanafunzi, na kwa kuwa zilikuwa nyingi zaidi, zilinunua zaidi.

Mimi nilikuwa wa tatu. Nilipokea kutoka kwake, kwa hiyo nililazimika kumngoja.

Mahali pa kupokezana palikuwa mita ishirini zilizochorwa kwa chokaa juu ya lami, na msimamizi mwenye kipaza sauti aliyekuwa akitangaza namba za timu zinazokaribia ili anayepokea aingie mstarini. Tulianza wengi pale. Namba inatajwa, mtu anaruka, anavua koti la mazoezi, anaingia, ananyoosha mkono, ametoweka. Namba nyingine. Baada ya dakika kumi pale chokaani tulibaki wachache, na kila mmoja wetu akawa hana analotazama ila ule ukingo wa barabara unapokunja karibu na minazi. Nimesubiri mambo mengi maishani, matokeo ya mtihani, majibu ya hospitali, simu kutoka nyumbani. Kule kote nilisubiri habari. Hapa nilimsubiri mtu, na nilijua kila kitu alichokuwa akikipitia: nilijua kona ambapo upepo humkaba, nilijua kilomita ya nne humvuta goti la kushoto, nilijua akifika kwenye wauza madafu huwa anataka kutembea. Nilikuwa nimekimbia naye pale jioni nyingi. Mwili wangu ulikuwa umesimama Coco Beach na pumzi yangu ilikuwa kule kwake.

Alipotokeza hakuwa akitembea. Kanga aliyojifunga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi ilikuwa imelowa, kijiti amekishika kwa mkono wa kulia kama tulivyofundishana, macho yake yamenikazia. Nikapiga kelele, "Njoo mama! Nipo, mama, njoo!" Watu wa timu nyingine waliokuwa wamekwisha kukimbia nao wakaanza kumwita, kwa sababu chokaani pale kila anayekuja ni mtu wa mtu. Akaniwekea kijiti mkononi, kimelowa jasho, akasema, "Haya mwanangu, kimbia," na sikugeuka kuona kama ameanguka au amesimama. Huo ndio utaratibu. Ukipokea, hutazami nyuma. Nilikimbia kilomita tano bora kuliko zote nilizowahi kukimbia. Sikuwa na nguvu mpya. Nilikuwa na kitu cha mtu mkononi, kimegharimu dakika 38 za mwili wake, na nilijua dada mwalimu ameshaanza kuutazama ule ukingo.

Wanaozifahamu mbio fupi za uwanjani wamelifanya tendo hilo la kukabidhiana kuwa sayansi kamili. Kijiti rasmi kina urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito usiopungua gramu 50. Kinachopimwa katika eneo la kupokezana ni mahali kilipo kijiti. Miili ya wakimbiaji inaweza kuwa ndani au nje, lakini kijiti lazima kiwe kimehama ndani ya mistari. Rekodi ya dunia ya wanaume ya mita 100 mara nne ni sekunde 36.84, iliyowekwa na Jamaika katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Gawa kwa nne, unapata 9.21 kwa kila mtu. Usain Bolt mwenyewe, mtu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa, alipokimbia peke yake mjini Berlin mwaka 2009 alitumia 9.58. Maelezo yake ni mepesi: watatu kati ya wanne wanapokea kijiti wakiwa tayari katika mwendo. Kila mmoja anaanza kukimbia kwa kumwamini mtu asiyemwona, mkono umenyooshwa nyuma, macho mbele.

Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro, timu ya Japani ilipata medali ya fedha katika mbio hizo kwa sekunde 37.60. Wakati huo hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Waliwapita watu wenye miguu myepesi kuliko wao kwa kujifunza, miaka na miaka, kupeana kijiti kwa mkono wa chini bila kupoteza mwendo. Miaka minane kabla yake, kule Beijing, Marekani iliyokuwa na hazina ya wakimbiaji isiyo na mfano iliangusha kijiti katika mchujo, wanaume na wanawake, usiku mmoja.

Japani wana sababu ya kulijua jambo hili, maana ndiyo nchi iliyolichukua kwa uzito kuliko nyingine zote. Mwaka 1917, kuadhimisha nusu karne ya Tokyo kuwa mji mkuu, gazeti la Yomiuri liliandaa mbio za kupokezana kutoka Kyoto hadi Tokyo, zaidi ya kilomita 500, siku tatu, usiku na mchana. Ndipo ilipoanza ekideni, mbio ndefu za barabarani ambazo hazitumii kijiti. Kila mkimbiaji huvaa tasuki, utepe wa kitambaa unaopita begani na kuzunguka kifuani, akaufungua na kuukabidhi kwa mwenzake. Mmoja wa waliozieneza alikuwa Shizo Kanakuri. Huyu alikuwa amepelekwa Stockholm mwaka 1912 kukimbia marathoni ya Olimpiki, joto likamwangusha njiani, akahifadhiwa na familia moja ya pale na kurudi kwao bila hata kuwaarifu wasimamizi. Nadhani mtu aliyeanguka peke yake ugenini, bila mtu wa kumngoja mbele, alielewa vizuri kuliko wengine anachohitaji mkimbiaji. Mwaka 1920 alikuwa kati ya waasisi wa mbio za vyuo za Hakone, zilizoanza na vyuo vinne.

Leo mbio hizo hukimbiwa kila tarehe 2 na 3 Januari, na nchi nzima hukaa mbele ya televisheni. Wanafunzi kumi, kilomita 217.1 kwa jumla, kutoka katikati ya Tokyo hadi Ziwa Ashi milimani siku ya kwanza, na kurudi siku ya pili. Kipande cha tano hupanda mlima kutoka karibu na usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 800. Nimezitazama picha zake mara nyingi, na ambacho siwezi kukizoea ni sheria moja. Kwa kuwa barabara haziwezi kufungwa siku nzima, timu iliyoachwa mbali haisubiriwi bila kikomo. Katika vituo vya mwanzo, zikipita dakika 10 tangu anayeongoza apite, na siku ya kurudi zikipita dakika 20, wanaongoja huamriwa kuondoka hata kama mwenzao hajafika. Wanavishwa tasuki nyingine iliyoandaliwa na waandaaji. Muda wao bado unahesabiwa, wanaruhusiwa kumaliza, lakini tasuki iliyotoka Tokyo imekatika.

Mara nyingine hukatika kwa sekunde chache. Kijana anaonekana akija, mita hamsini, arobaini, ameshaivua tasuki ameizungushia kwenye ngumi, na mwenzake anamwona. Bunduki inalia. Mwenzake anageuka na kuondoka, kwa sababu lazima aondoke, huku akitazama nyuma mara moja. Yule anayekuja anafika mahali pasipo na mtu. Nimewaona wakianguka pale, wameukumbatia ule utepe, wakilia kwa sauti ambayo mtu hulia akifiwa. Mtazamaji asiyeielewa ekideni atauliza kinachowaliza ni nini, maana nafasi yao haikubadilika na timu imeendelea na safari. Mimi nilipokwisha kusimama pale chokaani nikimngoja mama sikuhitaji tena kuelezwa.

Vijana wa Afrika Mashariki wameingia ndani ya jambo hilo kwa zaidi ya miongo mitatu. Mwaka 1989 Joseph Otwori kutoka Kenya alikimbia Hakone akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, na mwaka 1992 chuo hicho kikachukua ubingwa kwa mara ya kwanza. Kanuni huruhusu mwanafunzi mmoja tu wa kigeni kukimbia katika kila timu, na mara nyingi hupewa kipande cha pili, kilomita 23.1, ambacho vyuo huwawekea wakimbiaji wao bora. Mwaka 2009 Mkenya mwingine wa chuo hichohicho, Mekubo Mogusu, alikimaliza kipande hicho kwa saa 1 dakika 6 na sekunde 4. Ilikuwa rekodi. Ubingwa wa mwaka ule ulikwenda Chuo Kikuu cha Toyo. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba mwenye kasi ndiye mshindi ataona Mogusu alidhulumiwa. Mimi naona alitoa fungu lake lote, akakabidhi tasuki, akabaki kuwa mmoja wa kumi. Nimejaribu kumfikiria kijana wa Kenya, katika baridi ya Januari, akifundishwa kwamba kipaji chake chote kina thamani ya kipande kimoja kati ya kumi, na kwamba yule wa kipande cha saba, ambaye hatawahi kuandikwa gazetini, ana kipande sawa na chake. Ni elimu ngumu. Naona ni elimu nzuri.

Wagiriki wa kale kule Athens walikuwa na mbio za mienge ambamo makundi ya raia yalishindana kwa kupokezana moto kutoka mkono hadi mkono, na mshindi alikuwa wa kwanza kufika mwenge wake ukiwa unawaka. Mtanzania hahitaji kuelezwa sana hapo. Tangu Luteni Alexander Nyirenda auweke Mwenge juu ya Kilimanjaro mwezi Desemba 1961, tumekua tukiuona ukikabidhiwa kutoka mkoa hadi mkoa, na tunajua uzito unaowapata watu wa wilaya wanaoupokea saa ile ya makabidhiano, hata kama usiku kucha walikuwa wakibishana kuhusu posho. Kupokea kitu kilichotoka mbali humbadilisha mtu namna anavyosimama.

Lakini uzito huo una upande mchungu, na nisingekuwa mkweli kama ningeuruka. Jamaika ilishinda mita 100 mara nne kule Beijing mwaka 2008. Mkimbiaji wa kwanza, Nesta Carter, sampuli yake ilipopimwa upya ilionekana na dawa iliyokatazwa, na mwaka 2017 timu nzima ikanyang'anywa dhahabu. Asafa Powell, Michael Frater na Bolt walirudisha medali kwa jambo lililotendeka katika mwili wa mtu mwingine. Dhahabu ikaenda Trinidad na Tobago. Wako wanaosema adhabu ile ilikuwa ya kionevu. Nimeifikiria, na naona isingeweza kuwa vinginevyo. Kama dakika za mama zinaweza kuingia katika hesabu yangu na kuninyanyua, basi na kosa la mwenzangu lina njia hiyohiyo ya kuingia. Huwezi kuufungua mlango wa hisani peke yake. Anayekubali kungojwa amekubali pia kwamba akifanya lisilofaa gizani kuna mtu atakayelilipa mchana.

Timu yetu ilimaliza ya nne. Kijiti chetu hakikuanguka. Dada mwalimu alipokea kutoka kwangu na kumkabidhi fundi magari. Mwanafunzi hakuwa amekimbia mwisho kama tulivyotarajia, kocha alikuwa amemweka wa kwanza ili ampe mama nafasi ya kukimbia akiwa na watu nyuma yake badala ya kuanza akiwa ameachwa. Nalitaja hilo kwa sababu ndiyo hekima ya upangaji niliyoiona siku nzima. Mwenye kasi alitumiwa kumfungulia njia aliye na mwendo wa pole, naye kijana hakulalamika.

Baada ya hapo hoja ikazuka klabuni. Nafasi ya nne imewapa wengine hamu, na kuna pendekezo kwamba mara ijayo tuwe na timu mbili: moja ya watu watano wenye kasi kuliko wote, wanaume kwa wanawake, na nyingine waliyoiita timu ya kujifurahisha. Wanaopendekeza si watu wabaya. Wanapenda klabu, wanataka kikombe, na wanasema kwa haki kabisa kwamba kushindana ni kushindana. Mmoja aliniuliza, "Kaka, wewe hutaki tushinde?" Nataka. Nilitaka siku ile kiasi kwamba koo liliniuma kwa kupiga kelele.

Ninachokataa ni ile timu ya pili. Watu watano wa mwendo wa pole wakipokezana wenyewe kwa wenyewe bila mtu mwenye kiu ya matokeo anayewangoja, tutakuwa tumewarudisha katika saa ile ya mahema kukunjwa, safari hii wakiwa na kijiti. Na wale watano wenye kasi watapoteza kitu pia, ingawa hawakijui. Hawatawahi kusimama barabarani wakiwa na hofu kwa ajili ya mtu dhaifu kuliko wao. Hawatakwenda jioni kukimbia na mama, kwa kuwa hapatakuwa na faida. Ile hatua ya kutoka dakika 42 hadi 38 haikutokana na huruma. Tuliihitaji. Mama alilijua hilo, na nina hakika kukimbia ukijua unahitajiwa ni tofauti na kukimbia ukijua unavumiliwa, kama vile miguu ya mtu inavyojua tofauti ya lami na mchanga.

Yeye mwenyewe hajasema lolote katika mabishano haya. Anafunga genge saa kumi na moja jioni, anavaa zile raba, anaelekea barabarani. Juzi aliniuliza kama mwakani njia itakuwa ileile ya upepo, maana anataka kuizoea ile kona.

Kikao ni Jumapili baada ya mazoezi. Nitapendekeza kila timu ya klabu yetu, iwe moja au ziwe tatu, iwe na angalau mtu mmoja kutoka kundi la mwendo wa pole, na kwamba wanaopangwa naye wawajibike kukimbia naye mara mbili kwa wiki kuanzia siku majina yanapotangazwa. Nitaomba pia nipangwe tena baada ya mama. Kocha ameniambia niseme kwa kifupi, kwani ajenda ni nyingi, kuna michango ya fulana na kuna nauli ya basi la Bagamoyo. Nitawauliza waliokuwa Coco Beach siku ile waseme ni jina la nani walilokuwa wakiliita kwa sauti kuu kuliko yote, halafu nitawasomea karatasi ya muda, safu ya kujumlisha.